Injini Ije Mwisho



Mada ya leo ni baiskeli inayotiwa injini na fundi wa mtaani. Nazungumzia fremu ile nzito ya chuma ambayo Wakenya wanaiita black mamba na hapa kwetu Tanzania wengi wanaiita Phoenix hata kama imetoka kiwanda kingine, injini ya mashine ya kufyekea nyasi iliyotupwa, meno ya pikipiki iliyogongwa, na tangi lililokunjwa kwa bati. Chombo hiki kinadharauliwa kutoka pande mbili. Wahandisi wengi wanakiona mchezo wa vijana wasio na kazi, na askari wa barabarani anakiona kosa linalotembea. Mimi nakiona ni somo la mekanika lenye kila kitu ndani yake: nguvu, msuguano, joto, uchovu wa chuma, na maisha ya mtu anayekipanda. Lakini kina sharti moja, na sharti hilo ndilo mhadhara wangu wote. Kijengwe kwa mpangilio ulio sahihi. Fundi anayepata injini kwanza kisha akatafuta baiskeli ya kuibebesha ameanzia kazi mwishoni. Anayejua kazi huamua kwanza mwendo wa juu ambao chombo hakitauvuka. Kisha hutafuta breki zinazoweza kuuzima mwendo huo chombo kikiwa na mzigo. Kisha hukagua magurudumu na foku, kisha hupiga hesabu ya meno. Baada ya hayo ndipo anapokwenda kwenye lundo la vyuma chakavu kutafuta injini inayotoshea majibu aliyokwisha kuyapata.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu, na ni hesabu ambayo wanafunzi wetu wanafundishwa sekondari ingawa wachache wanaikumbuka wakiwa na spana mkononi. Nishati ya chombo kilicho mwendoni hukua kwa mraba wa mwendo wake. Mchukue mtu wa kilo 70 juu ya chombo cha kilo 30, anakwenda kilomita 25 kwa saa, na breki zake zinampunguzia mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Akishabana, atasimama baada ya mita 8. Kabla ya kubana kuna ile sekunde moja ya kushtuka, na ndani ya sekunde hiyo anakula mita nyingine 7. Jumla ni mita 15, zaidi kidogo ya urefu wa basi kubwa la abiria. Sasa mpe mtu huyohuyo kilomita 50 kwa saa, breki zilezile. Atahitaji mita 32 za kubana na karibu 14 za kushtuka, jumla 46. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali wa kusimama umeongezeka mara tatu, na nishati ambayo raba za breki zinatakiwa kuigeuza joto imeongezeka mara nne. Na hapa nimezihurumia breki. Baiskeli nyingi za aina hii zina raba zinazovutwa na vyuma vyembamba kugusa ringi ya chuma iliyong'arishwa, na ringi hiyo ikilowa mvua, raba huteleza juu yake na sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama hupotea palepale.

Upande wa pili wa hesabu ni nguvu inayotakiwa kukisukuma chombo. Kwa kilomita 25 kwa saa kwenye barabara tambarare, upepo na msuguano wa matairi vinadai takribani wati 170 hadi 180, kama robo hivi ya nguvu ya farasi mmoja. Mtu mzima mwenye afya akikanyaga pedeli bila kujikamua anatoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu. Kwa hiyo chombo cha mwendo huu kinahitaji msaada mdogo sana wa injini. Kwa kilomita 50 mahitaji yanapita wati 1,000, mara sita ya yale ya mwanzo, kwa sababu upepo haukui sambamba na mwendo. Unakua kwa kasi zaidi. Fundi anayesikia kelele ya injini kubwa na kufurahi ananunua wati ambazo karibu zote zitaliwa na upepo, na kitakachobaki mikononi mwake ni ule umbali wa mita 46.

Injini inayopatikana kwa wingi zaidi kwenye lundo ni ile ya pampu ya maji au jenereta ndogo, ya viharusi vinne, yenye cc 160 hivi, iliyoundwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika. Inatoa wati zaidi ya 3,000. Ni injini tulivu, inastahimili vumbi, spea zake ziko kila mji, na ndiyo maana inavutia. Ifungwe kwenye baiskeli kwa meno yanayoiruhusu kutoa nguvu zake zote, na baiskeli itakaribia kilomita 70 kwa saa. Kwa mwendo huo mtu anahitaji zaidi ya mita 80 kusimama, tena tukidhani kwamba breki hazijachemka, tairi la mbele halijachomoka, na foku iliyoundwa kwa ajili ya miguu ya binadamu haijapinda. Injini yenyewe, bila fundi kukosea hata nati moja, imekigeuza chombo kuwa kitu ambacho sehemu zake nyingine haziwezi kukitawala. Hii ndiyo maana ya kusema injini ije mwisho. Ubovu wake si hatari kubwa, maana injini mbovu inazimika tu na mtu anarudi nyumbani akikanyaga. Hatari iko kwenye injini nzima iliyozidi kipimo.

Historia inaunga mkono jambo hili kuanzia siku za mwanzo. Mwaka 1897 jijini Paris, ndugu wawili, Michel na Eugène Werner, walitoa chombo walichokiita Motocyclette. Walichukua baiskeli na kuweka injini juu ya gurudumu la mbele, ikiendesha gurudumu hilo kwa mkanda wa ngozi. Ilikuwa njia rahisi: nafasi ipo, fremu haiguswi, mkanda ni mfupi. Lakini uzito umepanda juu na umekwenda mbele, na kwenye mawe yaliyolowa chombo kilikuwa kikiteleza na kuanguka. Mbaya zaidi, petroli iliwashwa kwa bomba dogo lililopashwa moto na mwali, hivyo chombo kilichoanguka kingeweza kushika moto. Injini haikuwa na kosa kubwa kwa wakati wake. Kosa lilikuwa kwamba baiskeli ilitendewa kama rafu ya kuwekea kitu. Mwaka 1901 ndugu hao walitoa chombo kipya, injini ikiwa imesimama chini ya fremu, pale ambapo pedeli za baiskeli zinazunguka. Pikipiki unayoiona leo nje ya mlango huu ina injini mahali hapohapo. Miaka minne ya kuanguka ndiyo iliyowafundisha waanze na fremu.

Najua mmoja wenu atanijibu kwa Honda, na jibu hilo ni zito kuliko yote, kwa hiyo nalichukua sasa. Mwaka 1946, mjini Hamamatsu nchini Japani, vita ikiwa imekwisha mwaka uliotangulia, treni zimejaa hadi milangoni na petroli inatolewa kwa mgao, Soichiro Honda, mtoto wa mhunzi aliyekuwa pia akikarabati baiskeli, aliiona kwa rafiki yake injini ndogo ya cc 50 iliyotengenezwa kuendesha jenereta ya redio ya jeshi. Akaifunga kwenye baiskeli. Tangi la majaribio lilikuwa chupa ya bati ambayo watu wa kule waliitia maji ya moto kupashia kitanda wakati wa baridi. Alizikusanya injini za namna hiyo zilizoachwa na jeshi, yapata 500, akazirekebisha na kuziuza zikiwa zimefungwa kwenye baiskeli hadi zikaisha. Mwaka 1947 alitoa injini yake mwenyewe ya kwanza, aina ya A, na tarehe 24 Septemba 1948 ikaandikishwa kampuni ambayo jina lake liko kwenye matangi ya pikipiki duniani kote. Basi, mtasema, huyu hakuanza na breki. Alianza na injini aliyoikuta, na tazama alipofika.

Nakubali kwamba alianza na injini. Sikubali kwamba hilo ndilo lililomfikisha. Kwanza, tazama injini aliyoikuta: cc 50, chini ya nguvu ya farasi mmoja. Udogo wake ulimfanyia kazi ambayo kwa kawaida inafanywa na uamuzi wa fundi. Isingeweza kuifikisha baiskeli kwenye mwendo usiozimika. Kama jeshi la Japani lingeacha injini za cc 160, Hamamatsu ingekuwa na wajane. Pili, tazama kilichoharibika kwanza. Katika jaribio la awali injini iliwekwa mbele ya usukani na kuendesha tairi la mbele kwa roli inayokandamiza mpira. Matairi ya Japani ya wakati ule yalikuwa duni, na roli iliyala. Ikabidi injini ishushwe ndani ya fremu na kuvuta gurudumu la nyuma kwa mkanda. Marekani, watengenezaji wa Whizzer walioanza mwaka 1939 nao walianza na roli, na baada ya muda mfupi wakahamia kwenye mkanda. Watu ambao hawakuwa wakishauriana, kwenye mabara mawili, walisahihishwa na tairi lilelile. Ni kweli kwamba Wafaransa waliidumisha roli kwenye VéloSolex kuanzia 1946 hadi 1988, lakini waliidumisha kwa kuifanya injini iwe dhaifu na mwendo uwe mdogo kwa makusudi, na kwa kutumia matairi yaliyolingana na kazi hiyo. Hao walianza na mwendo. Tatu, Honda hakuwa na pikipiki hadi mwaka 1949, alipotoa aina ya D, iliyoitwa Dream, ikiwa na fremu iliyobuniwa kubeba injini. Kati ya baiskeli yenye injini na pikipiki kuna hatua moja tu, na hatua hiyo ni fremu.

Nimekaa kwa Honda kwa sababu hadithi yake inasimuliwa vijijini na mijini kama ushahidi kwamba ukipata injini umepata kila kitu. Inafundisha kinyume chake, ikisomwa kwa makini.

Sasa tushuke kwenye meno, maana hapa ndipo mwendo unapoamuliwa kweli, na hapa ndipo wengi wanapobahatisha. Gurudumu la inchi 28 likiwa na tairi lake linakata mita 2.23 kwa mzunguko mmoja. Kilomita 25 kwa saa ni mita 417 kwa dakika, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 187 kwa dakika. Injini ya mashine ya kufyekea nyasi, ile ya viharusi viwili yenye cc 43 hadi 52, inafanya kazi vizuri kwenye mizunguko 6,500 hivi. Gawanya: mizunguko ya injini lazima ipunguzwe mara 35 kabla haijafika kwenye gurudumu. Hakuna jozi moja ya meno inayofanya hivyo. Inatakiwa shafti ya kati yenye beringi mbili, na upunguzaji wa hatua mbili: meno 9 yaendeshe 54, kisha kwenye shafti ileile meno 9 mengine yaendeshe 52 kwenye gurudumu. Sita mara tano na nukta nane, unapata 35 kasoro kidogo, na injini ikiwa kwenye mizunguko yake 6,500 baiskeli iko kwenye kilomita 25. Sproketi ya meno 52 kwa mnyororo wa nusu inchi ina kipenyo cha sentimita 21, inaingia kwenye gurudumu bila kugusa chuma cha fremu. Fundi anayeruka shafti ya kati na kufunga meno 10 kwa 44 peke yake atapata chombo kisichoweza kuondoka kikiwa kimesimama, klachi inaungua, naye anaingia mjini kutafuta injini kubwa zaidi. Hapo ndipo ajali inapoanza kupikwa: tatizo la meno limetibiwa kwa nguvu.

Meno hayohayo yanawajibu wanaosema injini ndogo haiwezi mlima. Kwenye mwinuko wa mita 5 kwa kila 100, chombo cha kilo 100 kikipanda kwa kilomita 15 kwa saa kinadai wati 260 hivi. Injini ya cc 50 inazo, na pedeli zipo kuongeza. Ninachoogopa ni safari ya kurudi. Anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo hahitaji injini kabisa kufika kilomita 60 kwa saa, na kama gurudumu lina friwili, injini haishiki chochote wakati wa kushuka. Uzito wa injini, tangi na shafti umeongezeka, breki zimebaki za baiskeli. Hata fundi aliyebana mwendo kwa meno atakutana na mlima ambao haujui hesabu yake. Kwa sababu hiyo breki zinaitangulia injini hata mwendo wenyewe ukiwa mdogo.

Breki ya kutosha inapatikana kwenye lundo lilelile. Habu ya gurudumu la pikipiki ndogo iliyokufa ina breki ya ndani, viatu viwili vinavyotanuka ndani ya ngoma iliyofunikwa, na mvua haiingii kirahisi. Habu hiyo inaweza kufungwa spoki nene kwenye ringi imara na kuwekwa mbele, mahali ambapo uzito unahamia mtu anapobana. Lakini foku ya baiskeli haikuundwa kuishikilia. Viatu vinapobana, bamba linalovibeba linataka kuzunguka na gurudumu, na kinacholizuia ni mkono mmoja wa chuma unaofungwa kwenye mguu wa foku. Mkono huo ukifungwa kwa bolti kwenye mguu mwembamba wa foku ya baiskeli, mguu unapinda nyuma. Kwa hiyo foku nayo ibadilishwe, au mguu wake uimarishwe kwa bamba refu linalogawa nguvu. Ukiona fundi ametumia siku nzima kwenye mguu wa foku kabla hajagusa injini, mpe mkono, huyo anajua kazi.

Kuna swali ambalo mafundi huuliza na ambalo linastahili jibu la wazi: ni kipi cha kuokota na kipi cha kununua kipya? Kanuni ninayoitetea ni hii. Okota kile ambacho ubovu wake unaonekana kwa jicho au kupimwa kwa rula, na usiokote kile kinachokufa kimya. Fremu inaonekana: futa grisi, angalia kwenye maungio kama kuna mstari mwembamba wa kutu, maana ufa huanza kutoa kutu kabla haujafunguka. Meno ya sproketi yanaonekana, yakiwa yamepinda kama ndoano yatupwe. Mnyororo wa nusu inchi unapimwa: viungo 24 vikiwa vipya vinachukua milimita 305, vikifika 308 mnyororo umekwisha na utakula meno mapya. Kabureta inafunguliwa ikasafishwa. Lakini waya wa breki unaoza ndani ya ganda lake bila mtu kuona, na unakatika siku unapovutwa kwa nguvu zote, yaani siku ya hatari. Mpira wa kupitishia petroli unakauka na kupasuka juu ya silinda yenye moto. Tairi lililokaa juani linapasuka ukutani huku kashata zake zikiwa bado nzuri. Waya wa breki, raba za breki, mpira wa mafuta, matairi: hivi vinunuliwe vipya, hata kama vitagharimu zaidi ya injini. Anayeona hesabu hii ni ya ajabu bado anafikiri kwamba injini ndiyo chombo.

Neno moja kuhusu kuchomelea. Fremu za zamani zimeungwa kwa vishikizo vya chuma na kulehemiwa kwa shaba, na bomba lenyewe ni jembamba. Moto wa kuchomelea umeme unatoboa bomba, unayeyusha shaba ya jirani, na unaacha chuma kigumu kando ya mshono ambacho mtetemo wa injini utakikata baada ya miezi. Fremu ya namna hiyo isichomelewe. Injini ishikwe kwa bamba mbili zinazobana bomba, na kati ya chuma na chuma kuwe na kipande cha tairi.

Wapo wanaopinga si namna ya kujenga tu, wanapinga kujenga kwenyewe. Pikipiki za India na China zimejaa, zinauzwa kwa mkopo, na kijana wa bodaboda anarudisha fedha yake. Kwa nini mtu ahangaike na vyuma vya kuokota? Kwa biashara ya kubeba abiria nakubaliana nao moja kwa moja. Chombo hiki kisibebe abiria, wala sitamtetea fundi anayekifunga kiti cha pili. Lakini kati ya anayetembea kwa miguu kilomita 10 kwenda shambani na anayeweza kulipa marejesho ya pikipiki kila wiki wapo watu wengi sana, na wengi wao baiskeli tayari wanayo. Ni hao wanaohitaji wati 150 za ziada, na hawazipati dukani. Tena yuko fundi. Aliyepiga hesabu ya meno 9 kwa 54 na kuona chombo kinakwenda mwendo aliouandika kwenye karatasi kabla hajakata chuma, hatarudi tena kwenye kubahatisha, iwe anatengeneza mashine ya kukoboa, pampu au toroli. Thamani ya kazi hiyo ya meno ilionekana kwa Suzuki: kiwanda hicho cha mashine za kufuma kwenye mji uleule wa Hamamatsu kiliingia kwenye vyombo vya moto mwaka 1952 kwa baiskeli ya cc 36 iliyoitwa Power Free. Alama yake kubwa ilikuwa mfumo wa sproketi mbili uliomruhusu mtu kukanyaga na injini, kukanyaga bila injini, au kuacha injini ifanye kazi peke yake. Serikali ya Japani ilikiona kifaa hicho na kutoa ruzuku kiendelezwe. Ilitoa ruzuku kwa sproketi.

Kuna pingamizi la wizi wa vyuma, na silipuuzi. Januari 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, na mafundi waaminifu waliumia pamoja na wezi. Jawabu ni fundi kuwa na daftari: injini hii, namba hii, nimenunua kwa fulani, tarehe fulani. 

Linabaki la sheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kama Sheria ya Trafiki ya Kenya, inakitazama chombo chochote kinachoendeshwa kwa injini kuwa chombo cha moto, chenye kudaiwa usajili na bima. Askari anayekizuia chombo cha kuokota hana kosa. Lakini sheria zinaweza kuchora mstari mahali pengine. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli yenye mota ya umeme isiyozidi wati 250, inayomsaidia anayekanyaga na kukata msaada huo mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, inahesabiwa baiskeli. Mstari umechorwa kwenye mwendo na nguvu, hakuna aliyeuliza chombo kilizaliwa kiwandani au chini ya mwembe. Mtu atasema kwetu hakuna wa kukagua, hakuna maabara, hakuna vifaa. Chombo cha mwendo huu hakihitaji maabara. Chora mistari miwili ya chokaa kwenye barabara tambarare, mita 50 kati yake. Chombo kinachopita mistari hiyo kwa chini ya sekunde 7.2 kimezidi kilomita 25 kwa saa, na saa ya simu inatosha kulijua hilo. Kwenye mstari wa pili mpanda abane breki akiwa na gunia la kilo 50 nyuma: asimame ndani ya mita 8 barabara ikiwa kavu, na ndani ya 12 baada ya ndoo mbili za maji kumwagwa kwenye barabara na kwenye magurudumu. Kinachofaulu kipewe namba, na namba hiyo igongwe kwenye fremu. Chuo chochote cha ufundi chenye mwalimu mmoja wa mekanika kinaweza kuifanya kazi hii asubuhi moja kwa wiki, na mwanafunzi wa mwaka wa pili ndiye awe anashika saa.